Nataka bastola ya mfukoni, lakini hii ndogo imenishinda mkono

Shikamoo Mwalimu,

Natumaini u mzima. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine 6. Mimi ndiye ninayefunga hesabu na kufunga mlango wa biashara yetu kila jioni, kisha natembea na mauzo ya siku hadi nilipoegesha gari. Miezi michache iliyopita vijana wawili walinifuata hadi karibu na gari, wakageuka walipoona watu wanatokea upande wa pili. Tangu hapo silali vizuri. Niliomba kibali cha kumiliki bastola na kibali cha kuibeba nikiwa nimeificha. Nimehojiwa, nimepita mafunzo ya awali, na vibali vyote viwili vimetoka.

Sasa nimekwama kwenye kuchagua. Nataka iingie mfukoni, maana nguo zangu za kazi ni suruali na blauzi ya kuchomekea. Sivai mkanda mgumu wala koti. Rafiki wa mume wangu alinipeleka kwenye uwanja wa shabaha akanipa Ruger LCP yake, ile nyembamba ya risasi za .380. Mfukoni niliipenda mno. Lakini kuikoki, yaani kuvuta chuma cha juu ili risasi iingie, kulinitoa jasho, na nilipofyatua iliruka mkononi, kiganja kikauma, na risasi zangu nyingi hazikugusa hata karatasi. Yeye anasema nitazoea, na kwamba bastola nzuri ya kubeba ni ile ndogo kuliko zote. Mwingine pale uwanjani akanishauri SIG P365 kwa sababu magazini yake, yaani kasha la risasi, inabeba risasi 10. Wa tatu akasema mwanamke achukue rivolva, ile yenye silinda ya risasi inayozunguka, haina mambo mengi. Na mjomba wangu anataka kuniachia bastola yake ya zamani ya risasi ndogo za 6.35, anasema amekaa nayo miaka mingi na haijawahi kumsumbua.

Nina maswali mengine. Niibebe ikiwa na risasi kwenye chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, au chemba iwe tupu? Na je, si afadhali niiweke kwenye mkoba wangu wa mkononi, kwa kuwa mifuko ya suruali za kike ni mifupi? Mume wangu hapendi habari ya bastola ndani ya nyumba, ila ameniachia niamue. Anasema nyumba imejaa watu: kuna watoto, kuna mdogo wangu wa kiume aliyehamia kwetu baada ya ndoa yake kuvunjika na siku hizi hatoki chumbani, na wageni hawakatiki. Naomba unielekeze.

Mama Wawili

*

Marahaba binti yangu. Pole kwa usumbufu wa wale vijana, na nimefurahi kwamba umeanza na vibali kabla ya kununua silaha. Sasa yasome masharti ya hicho kibali cha kubeba neno kwa neno: mahali usiporuhusiwa kuingia na silaha, wanavyosema kuhusu pombe, na unachotakiwa kufanya askari akikusimamisha. Sheria hizi hutofautiana sana, hata kati ya maeneo yanayopakana, na asiyezijua anaweza kupoteza kibali bila kufyatua hata risasi moja.

Nianze na huyo aliyekuambia kwamba bastola nzuri ni ile ndogo kuliko zote. Ameutazama mfuko akausahau mkono. LCP ilitoka mwaka 2008. Ikiwa tupu ina uzito wa gramu 270 hivi na unene wa milimita 21, na kwa kukaa mfukoni ni chache zinazoipita. Lakini nguvu inayoisukuma risasi mbele inairudisha bastola nyuma, na bastola ikiwa nyepesi, nguvu hiyo yote inaishia kwenye kiganja chako. Mpini wake ni mfupi, kidole cha mwisho kinabaki hakina pa kushika. Vilengeo vya zile za mwanzo ni vidogo kiasi kwamba hata mzoefu anavitafuta. Kwa hiyo kilichokupata uwanjani kingempata karibu kila mgeni. Bastola ndogo ndizo ngumu kuliko zote kuzipiga vizuri, na inanisikitisha kwamba ndizo wanazopewa kwanza watu ambao hawajawahi kushika silaha. Utazoea kidogo, ndiyo. Ila mtu ambaye kiganja kinamuuma hukwepa mazoezi, na asiyefanya mazoezi akifyatua barabarani usiku, risasi yake inaweza kuishia kwa mpita njia.

Kuhusu kuikoki, kabla ya kulaumu mikono yako jaribu namna nyingine. Wengi hubana slaidi, yaani kile chuma cha juu, kwa ncha za vidole viwili kisha huivuta. Ifunike kwa kiganja kizima kutoka juu, vidole vinne upande mmoja na kiganja upande wa pili, bastola ikiwa karibu na kifua, mtutu umeelekea upande salama na kidole cha shahada kiko mbali na kifyatulio. Halafu ishike slaidi palepale, na mkono ulioshika mpini usukume mbele kwa nguvu. Kusukuma kunatumia bega na kifua, kuvuta kunatumia vidole. Watu wengi waliodhani hawawezi wameweza kwa njia hii. Hata hivyo slaidi fupi inabaki na pa kushika padogo, na siku mikono imelowa jasho utaliona tatizo lilelile.

Bastola ya mjomba wako ikatae kwa heshima. Risasi ya 6.35 ilibuniwa na John Browning, ikatoka mwaka 1905, na bastola nyingi zilizotengenezwa kwa ajili yake ni za mifumo ya zamani isiyo na kizuizi cha ndani kinachoishika pini ya kugonga risasi. Bastola ya namna hiyo ikiwa na risasi kwenye chemba na ikaanguka sakafuni, inaweza kufyatuka yenyewe. Nguvu yake nayo ni ndogo: haifiki jouli 100 (jouli ni kipimo cha nishati), wakati .380, ambayo ni ya Browning huyohuyo ya mwaka 1908, inapata jouli 260 hivi, na 9 mm ya kawaida 450 na zaidi. Mitutu mifupi hupunguza kidogo namba hizi zote. Sisemi 6.35 haiui, inaua, na ndiyo sababu haifai kuchezewa. Ninachosema ni kwamba haina uhakika wa kumsimamisha mtu. Tena kuachiana silaha ndani ya familia bila kupitia kwenye mamlaka ni kosa katika nchi nyingi, hata kama mpokeaji ana kibali chake. Mwambie mjomba unamshukuru, na umuulize kama bado anaihitaji au anaweza kuisalimisha.

Nikiwa kwenye habari ya kuanguka, niseme hili kwa yeyote anayenunua bastola iliyokwisha tumika. Mwaka huohuo wa 2008 Ruger waliwaita wateja warudishe LCP za mwanzo kwa sababu zilikuwa zinaweza kufyatuka zikianguka zikiwa na risasi kwenye chemba, wakazibadilishia sehemu za ndani. Bastola zilizotoka baada ya hapo hazina tatizo hilo. Lakini nyingine za mwanzo huenda ziliuzwa mkono kwa mkono bila kupelekwa. Ukinunua iliyotumika, ya kampuni yoyote ile, chukua namba iliyochongwa kwenye chuma uwaulize watengenezaji kama imewahi kuitwa, na kama ilitengenezwa. Hilo swali halina gharama.

SIG P365 ni bastola nzuri sana, na ilipotoka mwaka 2018 iliwashangaza wengi kwa kubeba risasi 10 za 9 mm katika umbo dogo vile. Ningekuwa nazungumza na mtu anayevaa mkanda imara, pengine ningesimama hapohapo. Lakini ina uzito wa nusu kilo ikiwa haina risasi, urefu wa sentimita 15 hivi na kimo cha sentimita 11 hivi. Kwenye mfuko mfupi wa suruali ya kike, mpini utachungulia nje na kitambaa kitavutwa chini hadi kila mtu ajue kuna kitu. Kifyatulio chake pia ni chepesi na husafiri kidogo. Hilo ni jema kwa shabaha, lakini mfukoni linakudai uangalifu usiopungua hata siku moja.

Sasa rivolva. Yule bwana aliyesema mwanamke achukue rivolva ametoa sababu isiyo sababu, kwa kuwa rivolva ndogo ni ngumu kupiga kwa mwanamke na kwa mwanamume vilevile. Hata hivyo kwako wewe, kwa mfuko huo na kwa hofu uliyonieleza, mimi pia ningekuanzisha hapo, kwa sababu zangu. Nazungumzia ile isiyo na nyundo ya nje, ambayo nyundo yake imefungiwa ndani ya chuma, kama Smith & Wesson 642 au Ruger LCR ya .38 Special. Haina kitu cha kunasa kwenye kitambaa unapoitoa. Mgongo wake wa mviringo hauchorwi mfukoni kama bastola bapa yenye pembe. Haina slaidi, basi habari ya kukoki inaisha. Na swali lako la chemba nalo linaisha, maana rivolva haina hali hizo mbili: ukivuta kifyatulio kwa nguvu na kwa safari yake yote ndefu inafyatua, usipovuta imetulia. Risasi moja ikigoma, unavuta tena na silinda inaleta nyingine. Kuna jambo moja zaidi ambalo watu hawalijui mpaka waambiwe: hii unaweza kuishika ikiwa mfukoni huku unatembea kuelekea gari, bila kutisha mtu wala kuonyesha silaha hadharani, na ikibidi kabisa inaweza kufyatua ikiwa humohumo. Bastola yenye slaidi ikifyatuliwa ndani ya mfuko, slaidi inaweza kubanwa na kitambaa, ukabaki na risasi moja tu.

Ubaya wake nao nikueleze wote. Inabeba risasi 5 na hakuna zaidi. Kuijaza upya ni polepole. Silinda ina unene wa milimita 33 hivi, kwa hiyo kwenye suruali ya kubana itaonekana. Na kifyatulio kinahitaji nguvu ya kilo 4.5 hadi 5.5 kwa kidole kimoja. Hapo ndipo penye uamuzi wako, kuliko hata penye risasi. Nenda kwa muuzaji mwenye leseni, mwombe aifungue silinda, nyote wawili mhakikishe ni tupu, kisha elekeza mtutu upande salama na uvute kifyatulio mara kumi mfululizo polepole, ukitazama kilengeo cha mbele. Kama kilengeo kinatulia hadi mwisho wa safari hata kwenye ile mara ya kumi, kidole chako kinaweza. Kama unalazimika kutumia vidole viwili, au mtutu unayumba kila unapokaribia mwisho, usimsikilize mtu yeyote atakayekwambia utazoea. Wengi husema cha LCR ni laini kuliko cha 642, basi ujaribu zote mbili siku hiyohiyo.

Ukiweza, chukua yenye uzito wa gramu 380 hadi 430. Zipo nyepesi zaidi za metali za titani na skandiamu. Ziache, zitakurudisha kwenye maumivu ya LCP na kuzidi. Zipo pia za .357 Magnum, na muuzaji atakwambia ukinunua hiyo unaweza kupiga risasi zote mbili. Ni kweli, lakini .357 kwenye rivolva ndogo nyepesi ni adhabu, huioni shabaha ya pili. Anza na .38 za kichwa bapa zenye uzito wa gireni 148 (gramu 9.6 hivi), ambazo hutumika kwa shabaha. Ni laini mkononi na hupenda kwenda pale ulipolenga. Hizohizo wazoefu wengi huzibeba kwenye rivolva ndogo, kwa sababu risasi laini inayofika mahali pake ina maana kuliko kali inayopita pembeni.

Kidole kikikataa, usirudi kwenye LCP ileile. Ipige Glock 42, iliyotoka mwaka 2014. Nayo ni ya .380 na magazini yake inabeba risasi 6, lakini ina uzito wa gramu 390 hivi na mpini unaoshikika, na tofauti hiyo ya uzito utaisikia tangu risasi ya kwanza. Slaidi yake ni laini kwa wengi. Tafadhali usichanganye hili na bastola za .380 za mfumo wa zamani, ambazo slaidi yake inazuiwa na springi na uzito wake tu, kama Walther PPK ya mwaka 1931. PPK ina uzito unaozidi mara mbili wa LCP, na bado wengi hulalamika inavyopiga mkono na springi yake ilivyo ngumu. Uzito husaidia, lakini mfumo wa ndani nao una sauti yake.

Na kwa Glock 42 swali lako la chemba linarudi, basi nilijibu. Chemba tupu ina usalama wake, lakini inataka mikono miwili, nafasi na nguvu ya kukoki katika sekunde ambayo aliyekuvamia amekushika mkono mmoja. Wewe mwenyewe umesema kukoki kunakutoa jasho ukiwa umesimama uwanjani bila haraka. Chemba yenye risasi inakubalika kwenye bastola ya kisasa yenye vizuizi vya ndani kwa sharti moja lisilo na msamaha: bastola iwe ndani ya ala, yaani kifuko cha bastola, iliyo ngumu na inayofunika kifyatulio chote. Mpaka uwe umefanya mazoezi ya kutosha na moyo wako umetulia, beba chemba tupu au usibebe kabisa. Usibebe kwa kubahatisha.

Hiyo ala ndiyo watu wanayoinunua mwisho, na mimi ningetaka uichague siku ileile unayochagua bastola. Ala ya mfukoni ina kazi tatu. Inafunika kifyatulio ili kidole, funguo au mkunjo wa kitambaa visikifikie. Inaishika bastola ikae wima, mpini juu, kila mara mahali palepale. Na inaficha umbo lake ili kwa nje ionekane kama pochi au simu. Nje yake iwe ya kukwaruza, ibaki mfukoni unapoivuta bastola. Ala inayovutika nje ya mfuko pamoja na bastola ni ya kutupa. Ijaribu ala ikiwa na bastola tupu ndani: ibonyeze kutoka nje uone kama unaweza kukisikia kifyatulio. Ukikisikia, itafute ngumu zaidi. Mfuko huo usiingie kitu kingine chochote, hata sarafu moja, hata leso. Funguo na simu vihamie upande wa pili leo hii, kabla hujanunua chochote, ili mkono wako uzoee.

Kabla ya kutoa fedha pima mfuko. Chukua kadibodi nene, kata umbo la bastola unayoitaka kwa vipimo vyake: LCP ni sentimita 13 kwa 9, 642 ni kama 16 kwa 11. Iweke kwenye suruali zako za kazi, keti, inuka, inama, ingia kwenye gari. Kisha weka mkono mfukoni kama unayeishika, na uutoe. Suruali nyingi za kike zitafeli hapo, na ni heri zifeli na kadibodi. Fundi cherehani anaweza kuirefusha mifuko ya mbele na kuishona kwa kitambaa kizito. Mpe kadibodi hiyohiyo kama kipimo. Mfuko uwe wa mbele, kamwe usiwe wa nyuma, maana wa nyuma unaikalia na yeyote aliye nyuma yako anaufikia kabla yako.

Kuitoa nako kuna namna yake. Ukiishika bastola mfukoni kwa ngumi kamili, mkono unakuwa mpana kuliko mdomo wa mfuko na unakwama. Weka kidole gumba juu ya mgongo wa bastola, mkono ubaki bapa, uvute juu moja kwa moja, halafu ushike vizuri ikishatoka. Kidole cha shahada kinyooke pembeni hadi utakapokuwa umeamua kufyatua. Kurudisha ni kinyume na wanavyofanya wengi: toa ala mfukoni kwanza, ingiza bastola ndani ya ala huku unaitazama kwa macho, kisha rudisha vyote viwili pamoja. Usiichomeke bastola kwenye ala iliyo mfukoni, huoni kilichoingia kwenye kifyatulio, na mguu wako uko chini yake. Ujue pia kwamba ukiwa umeketi nyuma ya usukani, bastola ya mfukoni karibu haitoki. Basi ukishaingia kwenye gari, funga milango uondoke. Usikae kuhesabu fedha wala kusoma simu.

Mkoba wa mkononi, hapana. Nalisema hili nikiwa na uchungu. Mwishoni mwa mwaka 2014, katika jimbo la Idaho, Marekani, mama mmoja alikuwa dukani na mtoto wake wa miaka 2. Mkoba wake ulikuwa umetengenezwa maalumu kwa kubebea bastola, na bastola ilikuwa ndani. Mtoto akaingiza mkono, bastola ikafyatuka, mama akafa palepale. Hakuwa mzembe kuliko watu wengine. Mkoba huwekwa chini, huachwa kwenye kiti, hupakatwa na watoto wanaotafuta peremende. Na mwizi anayekufuata kwa ajili ya mauzo, kitu cha kwanza atakachokupora ni huo mkoba. Ukimpa mkoba umempa na bastola.

Hapo nikuulize jambo kuhusu mauzo yenyewe. Je, lazima yatembee na wewe kila jioni? Lipo sanduku la chuma la kufungia usiku, kuna malipo ya simu yanayopunguza noti mezani, kuna kubadilisha saa na njia, kuna kumwomba mfanyakazi mmoja akusindikize hadi kwenye gari, kuna kuliegesha karibu na taa. Fanya haya yote hata ukiwa na bastola. Na wakija wanataka fedha, wape fedha. Weka noti kiasi kwenye bahasha ya kutupa upande mmoja, wewe uondoke upande mwingine. Mahali pengi sheria inakuruhusu kufyatua pale tu maisha yako au ya mwingine yako hatarini papo hapo na huna pa kupitia. Haikuruhusu kumpiga mtu risasi kwa sababu ya bahasha, wala mtu anayekimbia akikupa mgongo.

Mazoezi mengi utayafanya nyumbani bila risasi. Chagua chumba kimoja, risasi zote zibaki chumba kingine zimefungwa, kagua silinda au chemba kwa macho na kwa kidole, kisha kagua tena. Elekeza kwenye ukuta ambao risasi haiwezi kupenya. Uvute kifyatulio polepole, dakika chache tu, ukiwa na akili iliyotulia, na ukimaliza useme kwa sauti kwamba umemaliza, maana ajali nyingi za mazoezi hutokea mtu anaporudia mara moja tu ya mwisho baada ya kujaza. Uwanjani anza mita 3, ukae hapo mpaka risasi zote zikae kwenye eneo la sahani ya chakula, ndipo usogee hadi 5 na 7. Kinga masikio na macho kila mara. Na kwa kuwa bastola ya mfukoni hula nyuzi za nguo na jasho, ifungue uisafishe mara kwa mara hata kama hujaipiga.

Nimeacha mwisho jambo ambalo hukuliuliza. Umeandika kwa kupita tu kwamba mdogo wako ndoa yake imevunjika na siku hizi hatoki chumbani. Mume wako ameliona hilo, na mimi nadhani kusita kwake kuna msingi. Mtu aliyezama kwenye huzuni anaweza kupata wazo la kujiua likamshika kwa saa chache na kupita. Kinachoamua mara nyingi ni kilichokuwa karibu naye katika saa hizo, na bastola karibu haimpi mtu nafasi ya kujutia. Kuificha juu ya kabati hakutoshi. Watu wanaoishi nyumba moja huzijua siri za nyumba hiyo, na watoto huzijua kabla ya wakubwa. Sanduku la chuma lililofungwa kwa skrubu ukutani, lenye namba unazozijua wewe peke yako, linawatosha wageni na watoto wako kama pia utawafundisha wasiguse na waje kukuita. Kwa mdogo wako kwa sasa, mimi nisingetegemea sanduku.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, kaa naye. Mwulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo, humpa mlango wa kusema. Akikubali, au akikwepa jibu kwa namna inayokutia hofu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usimwache peke yake. Hata akisema hapana, msaidie aonane na mtaalamu wa afya ya akili, maana kujifungia chumbani ni dalili tosha. Mpaka atakapokuwa amepata nafuu inayoonekana, bastola isilale nyumbani kwenu. Uliza kama uwanja wa shabaha, muuzaji mwenye leseni au kituo cha polisi wanaweza kukuhifadhia kihalali. Wakikataa wote, ahirisha kununua, na hizo jioni uzipitie kwa msindikizaji, taa na sanduku la fedha. Kama kibali chako kina muda wa mwisho wa kununua, andika mapema uombe kuongezewa, na sababu utaje kwamba bado hujapata mahali salama pa kuiweka.